Jinsi ya Kutofautisha Akyupancha ya Kale ya Kichina na ya Kisasa: Mwongozo kwa Mgonjwa na Mwanafunzi

Mtu anayetafuta tiba ya akyupancha siku hizi hukutana na matabibu wa namna tatu. Wapo wanaosema kwamba wanafuata njia ya kale ya Wachina, wapo wanaosema kwamba wanatoa tiba ya asili ya Kichina bila kufafanua ni ya zama zipi, na wapo wasioitaja China kabisa bali huzungumzia misuli na neva. Wote hutumia sindano nyembamba za chuma kisichoshika kutu, na wote huzichoma mahali panapokaribiana, kiasi kwamba mtazamaji asiyeijua kazi hiyo hataona tofauti yoyote. Hata hivyo tofauti ipo, tena ni kubwa, na mgonjwa anayeijua ataweza kuuliza maswali yenye maana, kuyatambua madai yasiyo na msingi na kumchagua tabibu anayemfaa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitambua tofauti hiyo tangu unapoingia katika chumba cha matibabu hadi sindano ya mwisho inapotolewa, na mwishoni una maelezo kwa anayetaka kujifunza taaluma yenyewe.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili. Katika njia ya kale, uamuzi hutoka katika mkono wa tabibu unaougusa mwili wa mgonjwa, nao hubadilika papo hapo kadiri mwili unavyobadilika. Katika mafunzo ya kisasa, uamuzi kwa kawaida hufanywa kabla sindano haijashikwa: hali ya mgonjwa hupewa jina, jina hilo huleta orodha ya nukta za kuchoma, na orodha hutekelezwa. Karibu kila tofauti nyingine utakayoiona imechipuka hapo.

Jua kwanza kila njia ilikotoka

Tabibu akikuambia kwamba tiba yake ina umri wa miaka 5,000 na haijawahi kubadilika, tambua kuwa historia haimuungi mkono. Kaburi la Mawangdui lililoko Changsha, ambalo lilifungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwaka 1973, lilikuwa na maandishi ya tiba juu ya hariri yanayoeleza mikondo 11 ya mwili, yaani njia ambazo chi, nguvu ya uhai katika fikra za Kichina, inasemekana hupita. Maandishi hayo yanatibu mikondo hiyo kwa kuchoma majani makavu juu ya ngozi; hayataji sindano, wala hayana nukta zenye majina. Katika kaburi la mwanamfalme Liu Sheng, aliyefariki mwaka 113 KK na kuzikwa Mancheng katika jimbo la Hebei, zilipatikana sindano tisa, nne za dhahabu na tano za fedha. Ni katika karne hizo, ya pili na ya kwanza KK, ambapo wataalamu wengi wanauweka mkusanyiko uitwao Huangdi Neijing, wenye sehemu mbili za sura 81 kila moja: Suwen, inayoeleza zaidi misingi ya uhai na ugonjwa, na Lingshu, ambayo kwa kiasi kikubwa ni kitabu cha sindano. Karne moja au mbili baadaye kikaja kitabu cha Nanjing, chenye maswali magumu 81 na majibu yake, ambacho kiliupanga upya upimaji wa mapigo ya mshipa na kuziunganisha nukta za miguuni na mikononi na nadharia ya awamu tano (mti, moto, udongo, chuma na maji), ambapo kila awamu inasemekana huizaa inayofuata. Vitabu hivyo ndivyo msingi wa kinachoitwa akyupancha ya kale. Waliofuata walijenga juu yake: Huangfu Mi katika karne ya tatu BK aliorodhesha nukta 349, Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu mbili za shaba za kufundishia mwaka 1027, na Yang Jizhou alikusanya elimu ya zama zake katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 1601.

Kisha kukawa na mkatiko, na huu ndio unaosahauliwa zaidi. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa akyupancha katika chuo cha tiba cha ikulu. Mwaka 1929 lilitolewa pendekezo la kuikomesha tiba ya Kichina yote, na matabibu walilipinga kwa nguvu. Katika mazingira hayo ya kudharauliwa, Cheng Dan'an wa jimbo la Jiangsu alichapisha mwaka 1931 kitabu kilichozieleza nukta kwa anatomia ya Magharibi; alizisogeza nukta mbali na mishipa ya damu na kuifanya sindano nyembamba kuwa chombo kikuu. Mwaka 1951 daktari Zhu Lian akaja na akyupancha mpya iliyoelezwa kwa lugha ya mfumo wa neva. Vyuo vya serikali vilipofunguliwa Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu mwaka 1956, ilibidi uwepo mtaala mmoja unaoweza kufundishwa kwa maelfu ya wanafunzi, nao ukaandikwa kwa kufuata mantiki ya wataalamu wa dawa za mitishamba, ambao hutambua sura ya ugonjwa katika viungo vya ndani kwanza na kuagiza dawa baadaye. Nukta zikachukua nafasi ya mitishamba katika agizo hilo.

Mtaala huo ndio uliosambaa duniani baada ya ziara ya rais Nixon nchini China mwaka 1972, na ndio uliofika kwetu pia. Timu za madaktari wa Kichina zimefanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu mwaka 1968, na wengi waliochomwa sindano na madaktari hao walipokea tiba iliyopangwa katika vyuo vya karne ya 20. Sisemi hivyo kwa kuidharau. Tiba hiyo imewasaidia watu wengi, na mpango wake ulio wazi ndio uliowezesha ifundishwe. Ila si haki kuiita ya kale, kama ambavyo si haki kuitwika njia ya kale makosa yake.

Tazama namna unavyochunguzwa

Dalili ya kwanza huonekana kabla ya sindano. Tabibu wa kisasa wa mtaala wa vyuo atakuuliza maswali mengi kuhusu usingizi, choo, hamu ya chakula, kiu, jasho na hedhi, ataangalia ulimi, na atapima mapigo ya mshipa katika vifundo vyote viwili vya mikono. Lengo lake ni kupata jina la hali, kwa mfano upungufu wa chi ya wengu au kukwama kwa chi ya ini. Ukiwa umevaa nguo zako zote na amekugusa vifundo vya mikono tu, naye tayari ameandika nukta zake kwenye karatasi, basi uko katika njia hiyo.

Tabibu anayefanya kazi kwa mujibu wa Lingshu atakuomba ukunje suruali na mikono ya shati, kisha atapitisha vidole vyake juu ya mikondo yenyewe: kuanzia kifundo cha mguu hadi goti, kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, na mara nyingi tumboni na mgongoni. Anatafuta mahali palipo baridi au moto kuliko pengine, palipo pagumu, palipolegea, penye kivimbe kidogo, panapouma pakibonyezwa, na penye vishipa vya damu vyeusi au vya zambarau vinavyoonekana juu ya ngozi. Katika maandishi ya kale, mshipa haupimwi kifundoni tu. Sura ya 20 ya Suwen inaeleza mapigo ya sehemu tisa, kuanzia kichwani hadi miguuni, na sura ya 9 ya Lingshu inalinganisha mpigo wa shingoni na mpigo wa kifundoni: wa shingoni ukiwa mkubwa, tatizo liko katika mikondo ya yang, na wa kifundoni ukiwa mkubwa, liko katika ile ya yin (yang na yin ni pande mbili zinazokamilishana, kama joto na baridi, ambazo Wachina hugawanya mikondo kwazo). Upimaji wa kifundoni peke yake ulipewa hadhi na Nanjing, kwa hiyo nao ni wa kale, ingawa ni wa tabaka la baadaye kidogo. Ukiona tabibu ameweka kidole kimoja shingoni na kingine kifundoni kwa wakati mmoja, umempata mtu aliyeisoma Lingshu au aliyefundishwa na mtu aliyeisoma.

Muulize pia ni mikondo gani anayoitumia. Vyuo vya kisasa hufundisha zaidi mikondo 12 mikuu pamoja na miwili ya katikati ya mwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Vitabu vya kale vina mitandao mingine kadhaa yenye kazi zake: vijito vya kuunganisha ambavyo hutibiwa kwa kutoa damu, mikondo ya kano na misuli inayoelezwa katika sura ya 13 ya Lingshu, mikondo inayochepuka kuelekea ndani inayoelezwa katika sura ya 11, maeneo ya ngozi, na mishipa minane ya ziada. Kwa tabibu wa kale, kuujua mtandao uliougua ni nusu ya kazi, kwa sababu kila mtandao una kina chake na namna yake ya kuchomwa.

Mfano mmoja: bega linalouma

Nadharia huwa nyepesi kuelewa ikifuatwa katika ugonjwa mmoja. Chukua mtu wa miaka 50 ambaye bega lake la kulia linauma na hawezi kuunyanyua mkono kupita usawa wa sikio.

Tabibu wa mtaala wa vyuo atalitambua tatizo kuwa ni kizuizi kilichosababishwa na upepo, baridi na unyevu, au kukwama kwa damu ikiwa maumivu ni ya kuchoma na ya usiku. Atachagua nukta za begani penyewe, kama Jianyu na Jianliao, ataongeza Hegu iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na pengine Tiaokou iliyo katikati ya mundi wa mguu, ambayo kwa uzoefu wa matabibu wa kisasa inahusishwa na bega. Sindano zitakaa kwa dakika 20 hadi 30, na mara nyingi zitaunganishwa na kifaa cha umeme mdogo, jambo lililoanza kuenea China katika karne ya 20. Wiki inayofuata, kama utambuzi haujabadilika, nukta zitakuwa zilezile au zinazokaribiana nazo.

Daktari wa viungo anayechoma misuli bila kutumia nadharia ya Kichina atatafuta fundo lenye uchungu ndani ya msuli wa bega, atalichoma hadi msuli ushtuke, kisha ataitoa sindano. Inafaa kumtambua mtu huyu ni nani, kwa kuwa wapo wanaomchanganya na tabibu wa akyupancha. Kazi yake imejengwa juu ya utafiti wa Kimagharibi wa karne ya 20 kuhusu maumivu ya misuli.

Tabibu wa njia ya kale ataanza kwa kukuomba uonyeshe kwa kidole mstari wa maumivu. Yakiwa mbele ya bega na kushuka kuelekea kidole cha shahada, ni mkondo wa Yangming wa mkono; yakiwa juu pembeni, ni Shaoyang; yakiwa nyuma kuelekea ubapa wa bega, ni Taiyang. Kisha ataufuata mkondo huo kwa vidole hadi kwenye kiwiko na kifundo, akitafuta mahali palipobadilika. Akiona vishipa vyeusi kwenye njia hiyo, atavitoboa na kuruhusu damu kidogo itoke kabla ya kufanya jambo lingine, kwa kuwa Suwen inasema kwamba katika kutibu ugonjwa damu iliyokwama iondolewe kwanza. Kisha atachoma sindano moja mbali na bega, atakuomba unyanyue mkono, na ataangalia umefika wapi. Kama umepanda, atausubiri mwili. Kama haujapanda, ataupima mkondo upya. Na kama ameamua kwamba tatizo liko katika misuli na kano, Lingshu inamwelekeza kuzichukua sehemu zinazouma kuwa ndizo nukta zenyewe, kutumia sindano iliyopashwa moto, na kuacha kuchoma mara mabadiliko yanapoonekana. Kwa hiyo idadi ya sindano haijulikani mwanzoni. Huenda zikawa mbili, huenda zikawa saba.

Angalia kwamba katika mfano huu tabibu wa tatu anafanana na wa pili kuliko anavyofanana na wa kwanza: wote wawili wanatafuta kwa mkono na kupima matokeo papo hapo. Jambo hili huwashangaza wanaodhani kwamba cha kale lazima kiwe na falsafa nyingi na vitendo vichache.

Sindano yenyewe

Sura ya kwanza ya Lingshu inaorodhesha sindano za aina tisa, na si zote zinazochoma. Moja ni ya kukwaruza ngozi juu juu ili kutoa joto, moja ina ncha butu ya kusugulia nyama, moja hubonyeza mshipa bila kuingia, moja ni ya kutoa damu, moja ni bapa kama upanga kwa ajili ya kupasua jipu lenye usaha, na nyingine ni kubwa kwa ajili ya viungo vilivyojaa maji. Sindano nyembamba inayotumiwa leo karibu kila mahali ilikuwa moja tu kati ya tisa. Kupungua huko kumeondoa hatari nyingi, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka jipu lake lipasuliwe kwa sindano ya akyupancha badala ya kwenda hospitali. Lakini sindano za kubonyeza na kusugua zina hatari ndogo sana, zinawafaa watoto na wazee, na ni hasara kwamba vyuo vingi vimeziacha. Matabibu wa Japani wamezihifadhi vizuri zaidi.

Angalia kina na muda. Sura ya 12 ya Lingshu inatoa vipimo kwa kila mkondo: mkondo wa tumbo huchomwa fen 6, yaani takriban milimita 14 kwa kipimo cha enzi ya Han, na sindano hukaa kwa pumzi 10, mkondo wa ini huchomwa fen 1, kama milimita 2 hivi, kwa pumzi 2, na mikondo ya mikononi haizidi fen 2 wala pumzi moja. Pumzi 10 za mtu aliyetulia hazifiki dakika moja. Ukilinganisha na nusu saa ya kulala kitandani na sindano 15 mwilini, utaona kwamba mgonjwa wa leo anapokea kitu cha aina nyingine kabisa. Muda mrefu una faida yake, hasa kwa maumivu sugu na kwa mtu anayehitaji kutulizwa, lakini tabibu anayejiita wa kale na kumwacha kila mgonjwa dakika 30 bila kumrudia anapaswa kueleza amelitoa wapi hilo.

Sikiliza anavyozungumza kuhusu kufika kwa chi. Leo mgonjwa huulizwa kama anahisi kujaa, ganzi, uzito au maumivu ya kuchoka mahali palipochomwa, na akijibu ndiyo, sindano imefanya kazi. Katika maandishi ya kale anayepaswa kuhisi kwanza ni tabibu. Shairi moja la kitaaluma la zama za Jin na Yuan linasema kwamba chi ikifika sindano hutikisika kama samaki aliyemeza chambo, na mvuvi yeyote anaelewa kwamba mtikisiko huo husikika mkononi mwa aliyeshika mshipi. Lingshu inaongeza kwamba chi ya ugonjwa huja imekaza na kwa haraka, na chi ya uhai huja polepole na kwa upole, kwa hiyo tabibu anatakiwa kuzipambanua mbili hizo kwa vidole. Nanjing inatoa kipimo kizuri sana katika swali la 78: anayeijua sindano huutegemea mkono wa kushoto, asiyeijua huutegemea wa kulia. Mkono wa kulia huchoma, na wa kushoto hubonyeza, husikiliza na kuifungua njia. Uangalie mkono wa kushoto wa tabibu wako. Kama hauna kazi zaidi ya kushikilia kipaipu cha plastiki cha kuelekezea sindano, umeshajibiwa. Nasema hivyo bila kukilaumu kipaipu chenyewe, kwa kuwa asili yake ni heshima: kiliasisiwa Japani katika karne ya 17 na Sugiyama Waichi, tabibu aliyekuwa kipofu.

Kujaza, yaani kuongeza chi iliyopungua, na kupunguza ile iliyozidi pia kulifanywa kwa utaratibu wa pumzi. Kwa mujibu wa sura ya 27 ya Suwen, anayetaka kupunguza huingiza sindano mgonjwa anapovuta pumzi na kuitoa anapoishusha. Anayetaka kujaza huingiza pumzi inaposhuka, huitoa inapovutwa, kisha huziba tundu kwa kidole mara moja. Ukiombwa kuvuta na kushusha pumzi kwa mpangilio huo, na tundu likazibwa au likaachwa wazi kwa makusudi, unatibiwa kwa njia ya zamani.

Moto na damu

Jina la Kichina la taaluma hii linaunganisha sindano na moto, na kwa watu wa kale vilikuwa na hadhi sawa. Moto hutokana na majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yaliyotwangwa hadi yakawa kama pamba, ambayo hufinyangwa kuwa vidonge vidogo na kuchomwa juu ya nukta. Siku hizi vyumba vingi vimeuacha kwa sababu ya moshi, au vinatumia taa ya joto. Kutoa damu nako kumefifia, ingawa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anayeijua kazi ya kuumika na kupiga chuku hatashangazwa nako: ni jamii nyingine iliyofikia wazo linalokaribiana. Pale kunapofanywa, kunahitaji usafi wa hospitali, glavu na vifaa vya kutumia mara moja, bila kujali kitabu kilichokuwepo miaka 2,000 iliyopita kinasema nini.

Jiandae kama vitabu vilivyoagiza

Katika hili ushauri wa kale bado unafaa kufuatwa neno kwa neno. Sura ya 52 ya Suwen inakataza kumchoma sindano mtu aliyelewa, mwenye hasira kali, aliyechoka sana, aliyetoka kula na kushiba, mwenye njaa kali, mwenye kiu kali au aliyeshtuka. Lingshu inaongeza kwamba aliyekuja kwa gari la kukokotwa alazwe kwa muda wa mlo mmoja kabla ya kuchomwa, na aliyekuja kwa miguu aketi kwanza kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kunywa maji, fika mapema, na keti. Wanaozimia kwenye kitanda cha akyupancha mara nyingi ni wale waliokuja na njaa, wamechoka, au wameogopa, na ni vema kuchomwa umelala badala ya kuketi ikiwa ni mara yako ya kwanza. Mweleze tabibu kama una mimba, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama umewekewa kifaa cha umeme cha moyo, kwa sababu hicho cha mwisho kinakataza sindano za umeme.

Usalama hauna zama

Mahali pamoja ambapo tabibu wa kisasa anapaswa kufuatwa bila mjadala ni katika usafi. Sindano iwe mpya, itolewe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, na itupwe kwenye chombo kigumu baada ya matumizi. Homa ya ini aina ya B na VVU haviheshimu mapokeo ya mtu. Kuhusu kina, vitabu vya kale vyenyewe vilionya: Suwen inasema kwamba aliyechomwa hadi kwenye pafu hufa baada ya siku tatu. Waandishi hao walikuwa wameona jambo ambalo daktari wa leo analijua vizuri, yaani hewa kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Sindano za begani juu, kifuani na mgongoni kwenye mbavu zichomwe kwa kulaza na kwa kina kidogo. Ukipata maumivu makali ya kifua au kukosa pumzi saa chache baada ya matibabu, nenda hospitali mara moja na useme wazi kwamba ulichomwa sindano kifuani au mgongoni.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili watoa huduma na vituo vyao, kwa hiyo omba kuona usajili kabla ya kulipa.

Kuhusu ushahidi, ni vema kuwa mkweli. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ni asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa mujibu wa nadharia ya Kichina, asilimia 44.2 ya waliochomwa juu juu mahali pasipo na nukta, na asilimia 27.4 ya waliopata tiba ya kawaida. Wapinzani husema kwamba nukta hazina maana; wafuasi wa njia ya kale hujibu kwamba kuchoma juu juu ni tiba kamili katika Lingshu, hivyo kundi la pili nalo lilitibiwa. Jibu hilo lina uzito, ila halithibitishi kuwa mkondo fulani ndio uliofanya kazi. Kwa maoni yangu, akyupancha ya aina yoyote inafaa kujaribiwa kwa maumivu sugu, na haifai kabisa kuchukua nafasi ya dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au saratani. Ukale wa maandishi unatuambia watu walifikiri nini na kwa uangalifu gani. Uponyaji wenyewe hupimwa kwa mgonjwa.

Kwa anayetaka kujifunza

Anza na mtaala wa kisasa, hata kama moyo wako uko kwenye ule wa kale. Utajifunza anatomia, usafi na majina ya nukta 361 ambazo Shirika la Afya Duniani limezisanifisha, na utaweza kuzungumza na matabibu wengine. Kisha rudi nyuma kwa mpangilio. Soma sura ya kwanza ya Lingshu ili ujue mtazamo, sura ya 10 ili ujue njia ya kila mkondo, ya 13 kwa ajili ya misuli na kano, na ya 9 kwa ajili ya mapigo na kanuni za kuacha. Baadaye soma Nanjing, hasa swali la 69, linalosema kwamba penye upungufu mama ajazwe na penye wingi mtoto apunguzwe; mama ni awamu inayozaa, na mtoto ni ile inayozaliwa. Juu ya kanuni hiyo moja matabibu wa Japani walijenga shule nzima ya tiba ya mikondo katika miaka ya 1930 na 1940. Tafsiri za Paul Unschuld, mwanahistoria wa tiba wa Kijerumani, za vitabu vyote vitatu kwa Kiingereza ni za kuaminika kwa kuwa haziyalainishi maandishi ili yapendeze. Jihadhari na vitabu vinavyotumia neno "kale" kuelezea mpangilio uliobuniwa juzi: shule ya elementi tano iliyoanzishwa Uingereza na J. R. Worsley, kwa mfano, ina thamani yake, lakini umbo lake ni la karne ya 20.

Wakati unasoma, zoeza vidole. Kila siku fuata mkondo mmoja kwenye mguu wako na kwenye mguu wa mtu mwingine, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye goti, na uandike palipo baridi, palipolegea na panapouma kabla hujafungua kitabu kuona ni nukta gani iliyo hapo. Fanya hivyo kwa miezi, kwa watu wenye afya na wagonjwa, vijana na wazee, maana bila kuijua ngozi ya kawaida hutaitambua iliyobadilika. Sindano ya kwanza ichomwe mbele ya mwalimu, kwenye mguu wako mwenyewe chini ya goti, kwa kina kisichozidi milimita chache, huku mkono wa kushoto ukiwa umetangulia.